Nyuso Zilizozama Kazini: Tarikhi ya Picha Kutoka Newala Hadi Gombe

Katika mwezi wa Julai mwaka 1906, wakati vumbi la Vita vya Majimaji lilipokuwa halijatulia katika nchi ya kusini, na maghala ya vijiji vingi yakiwa matupu kwa sababu vyakula na mashamba vilikuwa vimeteketezwa ili njaa iwatiishe wale ambao risasi haikuwatiisha, msafara mmoja ulitoka Lindi ukashika njia ya bara kwa miguu, ukiongozwa na mwanachuoni wa Kijerumani aliyeitwa Karl Weule, mtumishi wa makumbusho ya Leipzig. Azma yake ya kwanza ilikuwa kwenda upande wa kaskazini wa koloni, lakini habari za machafuko zilimgeuza, na kwa kugeuzwa huko nchi yetu ya Masasi na Newala ikapata kuonekana katika picha. Pamoja naye alikuwapo Nils Knudsen, mtu wa Norwe aliyekuwa amekaa kusini muda mrefu na kuzoeana na wenyeji. Walikuwapo askari wa kumlinda. Na walikuwapo wapagazi wa Kinyamwezi chini ya nyapara wao Pesa Mbili, ambao mabegani mwao, fauka ya hema na vyakula, walichukua kamera, vioo vya kupigia picha, fonografu ya kunasia sauti juu ya silinda ndogo za nta, na mashine ya sinema ya kuzungushwa kwa mkono.

Nchi waliyoingia ni hii ambamo kijiji cha Chiungutwa kimo, nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, inayoanzia kwenye vilima vya mawe vya Masasi, vilivyosimama kimoja kimoja juu ya tambarare, ikafika kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako Newala imekaa kama roshani juu ya bonde la Ruvuma. Ilikuwa nchi iliyojua wageni na misukosuko. Askofu Edward Steere alileta Masasi mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia misheni ile wakachukua mateka. Na mwaka 1905 misheni ikateketezwa tena katika Majimaji. Kwa hivyo Weule alipofungua miguu mitatu ya kamera yake mbele ya boma la Masasi, watu waliokuwa mbele ya lenzi walikuwa wamekwisha kuona mengi, na hawakuwa na sababu ya kumwamini mtu mwenye askari nyuma yake. Yampasa kila atazamaye picha zile aliweke jambo hili moyoni kabla ya kusema lolote juu ya uzuri wake.

Picha zenyewe, ambazo nyingi zimo katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 na kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909, ni za namna mbili, na mtu akizipitia kwa utuvu ataona tofauti yake bila ya kuelezwa. Za namna ya kwanza ni za watu waliosimamishwa: mtu wa mbele, mtu wa ubavu, mwanamke mwenye ndonya katika mdomo wa juu, kijana mwenye chale usoni, wote wakiitazama lenzi kwa macho ya mtu anayengoja amri imalizike. Wanachuoni wa zama zile walizipenda sana picha hizi, kwa kuwa walidhani kwamba mtu akisimamishwa wima na kutulizwa, kabila lake zima laweza kusomwa usoni mwake. Mimi sioni ndani yake kabila wala mtu. Naona amri tu, na subira ya aliyeamriwa. Wala kosa hili halikuwa la Weule peke yake, maana hata studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes iliyokuwa ikipiga picha tangu karne ya kumi na tisa, ziliwakalisha matajiri na maskini mbele ya mapazia yaliyochorwa, na waliotoka humo walitoka wote wamekauka, ingawa wengine walikuja kwa hiari yao na kwa fedha zao.

Namna ya pili ni nyingine kabisa. Huko Newala, Weule alimpiga picha mwanamke wa Kimakua akifinyanga chungu, na hakumpiga picha moja, bali alimfuata kwa mfululizo, hatua baada ya hatua, kutoka donge la udongo hadi chombo kilichokamilika. Mtu aliyeona kazi hii katika vijiji vyetu anajua mpango wake: udongo hupondwa na kukandwa mpaka uwe laini wala usiwe na changarawe; donge hutobolewa kwa ngumi na kupanuliwa kutoka ndani; kuta hunyanyuliwa kwa vidole, na upande wa ndani hulainishwa kwa kigae cha kibuyu na gunzi la hindi; chungu huanikwa kikakauka kiasi, kisha hupinduliwa, kitako kikakatwa na kusawazishwa; na mwisho hung'arishwa kwa kokoto laini kabla ya kuingia motoni. Gurudumu la kuzungushia halimo katika kazi hii. Chungu hutuama, na mkono ndio unaozunguka, na jicho lazima lipime mviringo bila ya kipimo chochote isipokuwa mazoea ya miaka. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, moto utakipasua chombo, na kazi ya siku kadhaa itakuwa bure. Ndiyo maana mfinyanzi hana nafasi ya kumtazama mtu, awe mgeni, awe mwenyeji, awe na kamera au asiwe nayo.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika tarikhi hii. Mwanamke yule, aliyeanza pengine kwa kuitwa na kutakiwa afanye kazi yake mbele ya mgeni, kazi ilipomshika alitoka katika mamlaka ya aliyemwita. Kichwa kimeinama, mabega yamefuata mikono, macho yamefungwa katika ukingo wa chungu. Na yule mwanachuoni aliyekuja na vitabu na vyeo amekuwa kitu cha pembeni, mfano wa kuku apitaye uani. Lenzi iliyoshindwa kumpata mtu alipokuwa amesimama ikimtazama, ilimpata alipokuwa ameisahau. Hayo hayo yaonekana katika picha ya wanaume wanaopekecha moto, mmoja akizungusha kijiti kati ya viganja huku akikikandamiza juu ya kipande cha mti kilicholala, kwa kuwa moto wa kupekecha hauruhusu mapumziko: mikono ikisita, joto linapotea, na unga mweusi unaoanza kutoa moshi hupoa, na kazi yote hurudi mwanzo.

Yafaa tukumbuke jinsi chombo chenyewe kilivyokuwa, ili tusidhani kuwa picha hizi zilipatikana kwa bahati. Kioo cha picha cha siku zile kilipakwa dawa iliyokauka juu ya gelatini, uvumbuzi wa Mwingereza Richard Maddox wa mwaka 1871, na ndio uliomwezesha msafiri kubeba vioo vikiwa tayari badala ya kuvipaka dawa papo hapo na kuvisafisha kabla havijakauka, kama walivyolazimika waliomtangulia. Juani pa Newala sehemu ndogo ya sekunde ilitosha. Lakini mafundi hawakai juani kwa mapenzi, hukaa kivulini mwa nyumba au chini ya mwembe, na kivulini lenzi huhitaji kufunguliwa kwa muda mrefu zaidi, na kila kinachocheza hugeuka ukungu. Mtu aliyezama kazini ana sifa moja inayomfaa mpiga picha: mikono yake yatembea, lakini uso wake hautembei. Utulivu ambao studio iliutafuta kwa vyuma vya kushikilia kisogo, mfinyanzi aliutoa bure.

Yupo mmoja katika kitabu kile ambaye lenzi haikuwa na hukumu juu yake hata kidogo, naye ni Sulila, mwimbaji kipofu, aliyepigwa picha nje ya boma la Masasi. Wengine wote walihitaji kazi ili waisahau kamera. Yeye hakupata kuiona. Huimba akiwa ameelekea ndani ya nafsi yake, na uso wake haumjibu mtu. Fonografu ya Weule ilikuwa na shida zake, kwa maana joto la mchana liliilainisha nta, na sindano haikuchora vyema juu ya nta iliyolainika. Sinema nayo ilimtaka mwenye kuizungusha asihimize wala asilegeze mkono, picha zipatazo kumi na sita kwa kila sekunde, ili ngoma isionekane kwenda mbio au kuchechemea. Basi mpiga picha mwenyewe naye alitakiwa azame, na bila shaka mara nyingine kijijini walikuwapo watu wawili waliousahau ulimwengu kwa wakati mmoja, mmoja mbele ya lenzi na mmoja nyuma yake.

Jambo jingine alilolifanya Weule, ambalo sina budi kumpa haki yake, ni kuwapa watu karatasi na kalamu ya risasi wachore wapendacho. Pesa Mbili, nyapara wa wapagazi, alikuwa mmoja wa waliochora. Barnaba, Mmwera msomi wa Lindi, alichora kundi la tembo. Michoro hiyo ilichapishwa pamoja na picha, na ndani yake yaonekana nadhari ya mtu aliyetazama kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Tena walioichora wametajwa kwa majina yao, na neno hili la majina nitalirudia.

Wakati Weule alipokuwa kusini, Ujerumani nzima ilikuwa ikistaajabia picha nyingine zilizotoka koloni hii hii, nazo zilikuwa za wanyama. Carl Georg Schillings, mwindaji aliyezunguka nchi za Kilimanjaro na mto Pangani, alitoa mwaka 1905 kitabu cha picha alizozipiga usiku porini kwa mwanga wa unga wa magnesi, unaolipuka kwa kufumba na kufumbua. Njia yake haikuwa ya huruma: punda au ng'ombe alifungwa mahali, kamera zikaelekezwa, na simba alipojongea mwanga ulilipuka. Nasema bila ya kusita kuwa kumfunga mnyama ili auawe mbele ya lenzi ni jambo baya. Lakini katika vioo vile kwa mara ya kwanza watu waliokaa mbali waliona jinsi simba anavyonyata, tumbo karibu ya ardhi, masikio mbele, mwili wote umekusanywa katika nia moja. Kilichonaswa kilikuwa sehemu ya sekunde ya mwisho kabla ya mwanga kumshtua, na baada ya mwanga hakukuwa na simba tena, kulikuwa na mnyama aliyetishika akikimbia. Schillings aliipata nadhari ya mnyama kwa kuivunja. Ilibidi miaka zaidi ya hamsini ipite kabla hajapatikana katika nchi hii mpiga picha wa kuingoja bila ya kuivunja.

Kabla ya kufika huko, tuvuke Ruvuma kidogo. Upande wa Msumbiji, katika uwanda wa Mueda, ambako Wamakonde ni ndugu wa Wamakonde wa huku, Mreno Jorge Dias na mkewe Margot, Mjerumani kwa kuzaliwa na mpiga piano kwa mafunzo, walifanya utafiti wa miaka kadhaa. Na kati ya mwaka 1958 na 1961 Margot alichukua filamu nyingi fupi za kazi za mikono, ngoma na desturi. Sikio la mwanamuziki lilimfaa, kwa sababu kazi ya mikono ina mapigo yake, na asiyeyasikia hukata filamu katikati ya pigo. Lakini kazi hiyo nayo ilifanywa chini ya kivuli kizito: Jorge Dias aliipelekea serikali ya Ureno taarifa za siri juu ya hali ya watu wale wale aliokuwa akiwasoma, na tarehe 16 Juni 1960 huko huko Mueda askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya utawala. Wengi walivuka mto wakaja Tanganyika, kama walivyokuwa wamevuka wengine kabla yao kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na pamoja nao ikaja sanaa ya kuchonga mpingo iliyoenea mpaka Dar es Salaam. Mchongaji wa Kimakonde akaaye chini, gogo amelibana kwa miguu, tezo mkononi, akiliondolea mti kidogo kidogo mpaka umbo lililomo litoke, amepigwa picha na wageni mara zisizo na idadi; na picha zilizo bora ni zile ambazo mpigaji alikaa muda mrefu mpaka fundi akachoka kumjali.

Mwaka huo huo wa 1960, mwezi wa Julai, Jane Goodall alifika Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, kuwatazama sokwe. Mwezi wa Novemba alimwona dume mmoja, aliyempa jina la David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake zenye mvi, amekaa juu ya kichuguu, akiingiza unyasi katika tundu, akiutoa taratibu pamoja na mchwa walioung'ata, akiwala kwa midomo. Habari hiyo iliwatikisa wanachuoni, maana walikuwa wakifundisha kwamba binadamu pekee ndiye atumiaye na kutengeneza zana. Lakini habari ya maneno haikutosha, ilitakiwa ionekane. Mwaka 1962 alipelekwa Hugo van Lawick, kijana wa Kiholanzi, kuipiga picha, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kungoja, kwa sababu sokwe walioanza kumzoea mtu mmoja hawakumzoea wa pili mwenye vyombo vinavyong'aa.

Picha zilizotoka katika kungoja huko nazihesabu kuwa nduguze picha za mfinyanzi wa Newala. Sokwe ameinama juu ya kichuguu, mdomo umelegea, macho yamelifunga tundu, mkono mmoja umeushika unyasi kwa wepesi, kwa kuwa akiuvuta kwa pupa mchwa watakatika na kubaki ndani. Pembeni mtoto amekaa, hachezi, anatazama mkono wa mama yake. Atazamaye haambiwi kuwa mnyama ana akili. Ameiona ikifanya kazi. Van Lawick alikaa nchini sehemu kubwa ya umri wake, akawapiga picha fisi, mbweha na mbwa mwitu, akaishi miaka mingi katika kambi ya Ndutu huko Serengeti, akafariki mwaka 2002. Waliomfuata wengi walikuwa na vyombo bora kuliko vyake, lakini kungoja hakununuliwi.

Na ikiwa mtu atauliza kama kuna mahali ambapo mtu na mnyama huzama pamoja katika jambo moja, jawabu limo karibu nasi, ng'ambo ya Ruvuma, katika mbuga ya Niassa. Huko Wayao, watu wa kabila lile lile la Masasi, huenda porini kutafuta asali, na humwita kwa sauti maalumu, mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, ndege mdogo aongozaye watu kwenye nyuki. Ndege huja, hulia, huruka mti hata mti. Mtu humfuata akimjibu. Na nyuki wakipatikana mtu huchukua asali na ndege hula nta. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba mwito ule ulipotumika badala ya sauti nyingine, nafasi ya kuongozwa na ndege ilipanda kutoka kiasi cha asilimia 33 hadi 66. Watafutaji wa asali huufundishwa na baba zao. Picha mojawapo iliyoenea pamoja na habari hiyo yamwonyesha Myao na ndege huyo mkononi, ndege aliyekamatwa na watafiti kwa muda mfupi kisha akaachiwa. Ni picha nzuri, lakini nazipenda zaidi zile ambamo mtu ameinua uso kuelekea matawini, masikio yake yote yakiwa kwa ndege, na ndege hayuko mikononi mwa mtu.

Sasa nirudi kwenye majina. David Greybeard ni sokwe, na jina lake lajulikana duniani kote. Goodall alilaumiwa na wanachuoni kwa kuwapa sokwe majina badala ya nambari, akashikilia, na hadi leo Flo na mwanawe Fifi wanatajwa katika vitabu kama watu wa ukoo unaojulikana. Mfinyanzi wa Newala, ambaye mikono yake ilitazamwa na maelfu ya wasomaji wa Ulaya, maandishi yaliyo chini ya picha zake yamemwita mwanamke wa Kimakua, basi. Sulila jina lake limebaki kwa kuwa alikuwa mashuhuri. Majina ya Pesa Mbili na Barnaba yamebaki kwa kuwa walichora. Aliyezama katika kazi yake, akatoa uso wa kweli kuliko nyuso zote kitabuni, chini ya picha zake hakuandikwa jina. Makumbusho ya Leipzig yalipigwa mabomu tarehe 4 Desemba 1943, na mengi yaliyochukuliwa kutoka nchi nyingi yaliteketea. Chungu chaweza kufinyangwa tena na kioo chaweza kunakiliwa, lakini jina lisiloandikwa halina nakala.

Siku hizi Chiungutwa haina haja ya kumngoja mgeni mwenye vioo. Kijana anayo simu mfukoni, na mbele yake wamo kinamama wanaobangua korosho, kila mmoja akilipiga ganda pigo la kiasi chake ili kiini kisivunjike. Wamo wazee juu ya bao, mmoja amezishika kete mkononi akihesabu mashimo kwa macho kabla ya kuzitawanya. Na wapo mafundi wa baiskeli, wasusi, na wanafunzi walioinamia daftari. Namwomba msomaji aliye na simu hiyo asimwite mtu kwa kumwambia atazame huku. Amwombe ruhusa mapema, akae naye, amwache airudie kazi yake mpaka imshike, ndipo apige. Akisha kupiga, aandike pamoja na picha hiyo jina la mtu huyo kamili, kijiji chake, mwaka, na kazi aliyokuwa akiifanya. Na nakala moja ampe mwenyewe.